Tusigombee Mto Wakati Jua Lipo

 

Wito huu ni wa watu wanaokunywa mto mmoja bila kuketi pamoja. Namwandikia mkulima wa mpunga wa Ubaruku, wa Igurusi na wa Madibira; mfugaji anayelala macho kandokando ya kinamasi cha Ihefu, asiye na hakika kama kesho boma lake litakuwa ndani ya mpaka wa hifadhi au nje yake; mama wa Pawaga anayesubiri zamu yake ya maji mferejini usiku wa manane; mvuvi wa Migoli, pale Mtera; mwenye kinyungu, bustani ya bondeni, huko Mufindi; na kijana wa duka la simu Mwanjelwa ambaye mgao wa umeme ukianza, yeye ndiye wa kwanza kufunga.

Ombi langu ni moja. Tulitumie jua kupunguza magomvi yetu ya maji na ya umeme, na tulitumie kwa makubaliano yanayoandikwa na kusainiwa, la sivyo jua lenyewe litatuletea magomvi mapya. Najua wengi mmechoka kusikia habari za sola. Mmeuziwa taa zilizokufa kabla ya mwaka, mmeitwa kwenye semina, mmegawiwa fulana. Mimi fulana sina. Nina kisa cha mto, na nitaanza nacho, kwa sababu asiyekijua hataona paneli ya kioo inahusiana vipi na amani.

Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, pamoja na Ruaha Mkuu wenyewe, hushuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto na nyanda za Mufindi, ikaingia bonde la Usangu na kuijaza Ihefu. Kutoka Ihefu maji hupenya kwenye mlango mwembamba wa mawe pale Ng'iriama, yakavuka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yakaingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu. Mtera ina mitambo ya megawati 80, Kidatu megawati 204. Kwa miaka mingi mabwawa hayo mawili yalikuwa tegemeo kubwa la gridi ya taifa. Bwawa likipungua, Dar es Salaam inaingia kwenye mgao. Na Dar es Salaam ikikaa gizani, lazima atafutwe aliyeyanywa maji.

Kuanzia 1993 mto ukawa unakauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko wakabanana kwenye vidimbwi, na picha zao zikasambaa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza jijini London kwamba serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ahadi kama hiyo, ikishatolewa mbele ya wageni, hushuka ngazi kwa ngazi mpaka imfikie mtu ambaye hakuwepo ilipotolewa. Mwaka 2006 nchi ilikuwa kwenye mgao mkali, na mwaka huohuo operesheni ya kuwaondoa wafugaji Usangu ikaanza. Familia na makundi ya ng'ombe yakasafirishwa mbali, mengine hadi Lindi. Malalamiko ya namna watu walivyotendewa yalikuwa mazito kiasi kwamba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Othman Chande kuyachunguza. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, Ihefu na sehemu ya Usangu zikaingizwa kwenye hifadhi, nayo ikapita kilomita za mraba 20,000.

Mnadhani yakaishia hapo? Mipaka imebishaniwa tangu siku ile. Mwaka 2023 ikatangazwa upya. Mradi wa REGROW, uliokopeshewa dola milioni 150 na Benki ya Dunia ili kukuza utalii kusini, ulisimamishwa Aprili 2024 baada ya malalamiko kutoka vijiji vya Mbarali, na kabla mwaka haujaisha ukafutwa. Wapo vijana wa Rujewa wenye watoto sasa ambao hawajawahi kuishi siku moja nje ya mgogoro huu.

Na je, ni kweli kwamba watu wa Usangu ndio waliozima taa za nchi? Jibu la watafiti lina pande mbili, na kila upande wa mgogoro hupenda kusoma upande wake tu. Mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 2000, uligundua kwamba kukauka kwa mto ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi kunatokana kweli na mabanio yetu: tunafungua maji mengi kuliko mpunga unavyohitaji, tunaanza vitalu mapema mno, na maji mengi yanapotea kwenye majaruba bila kumnufaisha yeyote. Hilo wakulima tulikubali. Lakini maji yanayolijaza bwawa la Mtera huja masika, wakati hakuna banio linaloweza kuyamaliza, na upungufu wa Mtera ulihusiana zaidi na jinsi mabwawa yalivyoendeshwa. Kwa hiyo mfugaji aliyepakiwa kwenye lori kwa jina la umeme alibeba mzigo ambao sehemu kubwa haikuwa yake.

Hapa ndipo penye uchungu. Watu walioambiwa kuwa wanazima taa za nchi, wao wenyewe hawakuwa na taa. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Kidatu kupitia Iringa na Mufindi hadi Mbeya ilijengwa miaka ya 1980. Minara yake imesimama mashambani mwetu, na watoto wamekua wakichunga mbuzi chini ya nyaya hizo, jioni wakarudi kusomea kibatari. Umeme ulipita juu yao kwenda kwa wengine, maji yakapita mbele yao kwenda kwa wengine. Lawama peke yake ndiyo iliyoshuka na kukaa.

Naona chanzo cha yote hayo ni nchi nzima kuning'inia kwenye mto mmoja. Mahali penye chanzo kimoja, kila tone linakuwa jambo la usalama wa taifa, na mnyonge aliye karibu na tone hilo anakuwa mtuhumiwa. Ukiongeza vyanzo, hasira inapata pa kupumulia.

Sasa tazameni kalenda. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei. Baada ya hapo mto hupungua wiki hadi wiki mpaka Oktoba, na hiyo ndiyo miezi ambayo Rujewa, Pawaga na Ismani hazioni wingu. Jua linakuwa na nguvu mto unapokuwa dhaifu. Vyanzo viwili vyenye misimu inayopishana namna hii ni bahati ambayo nchi nyingi hazina. Kila uniti ya umeme inayozalishwa mchana kwa jua inaacha maji yabaki Mtera, yakasubiri usiku. Tanzania hupata kati ya kilowati-saa 4 na 7 za jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, na bei ya paneli duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Wale wa Uyole na Mafinga wanaosema baridi yao haifai kwa sola wajue kwamba mambo ni kinyume: paneli ya kawaida hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja inayozidi joto la nyuzi 25. Inapenda jua kali na upepo wa baridi, kama sisi. Adui yake ni wingu na ukungu, na hapo Tukuyu ina haki ya kulalamika.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza ukiwa umewashwa Februari 2024, na kwamba shida ya umeme imekwisha. Nalifurahia bwawa lile kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini limekaa kwenye mto Rufiji, chini kabisa ya bonde lilelile. Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Kilombero ndio unaoleta sehemu kubwa, karibu asilimia 62. Takwimu hiyo ikumbukwe siku ya ukame, kabla mtu hajanyoosha kidole tena kuelekea Usangu.

Halafu kuna suala la nguzo. Serikali imefanya kazi kubwa: kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeme umefikishwa kwenye vijiji vyetu 12,318, na mwanakijiji huunganishiwa kwa shilingi 27,000. Lakini kijiji chetu si kama kile cha kwenye ramani. Kina vitongoji vitano, sita, vimetawanyika kilomita kadhaa, na nguzo mara nyingi huishia ofisi ya kijiji, shule na maduka ya barabarani. Nchi ina vitongoji zaidi ya 64,000, na vile vya mwisho kufikiwa ni vya watu walewale: wafugaji, wahamiaji, wajane waliogawiwa mashamba ya mbali. Mipango ya kuvifikia ipo, lakini mtoto wa darasa la nne hawezi kusubiri mpango. Hapo sola inakuja kwanza, na gridi ikifika ikute watu wameshajua kutumia umeme kwa kazi.

Basi tufanye nini? Nitaanza na jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo haliko kwenye matangazo ya wauza sola: maji ya ng'ombe.

Ugomvi mwingi wa mkulima na mfugaji katika bonde letu hauanzii kwenye chuki ya kabila. Msangu, Msukuma, Mmaasai, Mbarabaig na Mhehe wameoana na kuuziana mchele na maziwa kwa miaka mingi. Ugomvi huanza Septemba, saa nane mchana, ng'ombe mia wakiwa na kiu, na maji yaliyobaki yako mferejini, na mferejini huendi bila kupita shambani kwa mtu. Mwenye shamba anakimbilia panga, mwenye ng'ombe ana fimbo, na jioni kuna mtu zahanati. Kisima kirefu chenye pampu ya sola, tanki na birika la kunyweshea, vikichimbwa upande wa malisho, vinaondoa safari hiyo. Pampu ya sola kwa kazi hii haihitaji hata betri: jua likiwaka inasukuma maji juu ya tanki, jua likizama tanki ndilo akiba. Septemba saa nane mchana, muda uleule wa kiu, ndio muda inaposukuma kwa nguvu zote.

Fedha zipo. Mfugaji mwenye ng'ombe sitini si maskini wa mali; ni maskini wa mahali pa kuketi kwenye kikao. Wakiitwa kwa heshima, wafugaji wa kata moja wanaweza kuchanga madume wachache na kupata sehemu kubwa ya gharama, na kulipia kila kichwa cha ng'ombe kinachonywa ili fundi alipwe pampu ikiharibika. Halmashauri iongeze kilichobaki, kwa kuwa kisima kinagharimu kidogo kuliko kesi, operesheni na mazishi. Na mapito ya mifugo kwenda kwenye birika yapimwe na yawekewe alama siku hiyohiyo, wakulima wakiwepo. Birika bila njia ni ugomvi uliohamishwa tu.

Sasa tahadhari, na naomba msiipite haraka. Pampu ya dizeli ina breki yake: mafuta ni ghali, kwa hiyo mkulima huizima akishatosheka. Pampu ya sola haina breki. Ikishanunuliwa, kila lita inayofuata ni bure, na binadamu kwa kitu cha bure tunajulikana. Ikiwa kila mwenye uwezo atafunga pampu yake kando ya Ndembera au Mbarali, mto utakauka mapema kuliko zamani, na safari hii hatutakuwa na wa kumsingizia. Wenye fedha watakuwa juu wakivuta, wasio na fedha watakuwa chini wakitazama mchanga. Hiyo itakuwa dhuluma mpya iliyovaa nguo za kijani.

Jambo hili limeshawapata wengine. Kaskazini magharibi mwa India, umeme wa bei ya ruzuku uliwafanya wakulima wavute maji ya ardhini mpaka visima vikazidi kushuka mwaka hadi mwaka. Pampu za sola zilipokuja, hofu ikawa kwamba zitamalizia kilichobaki. Katika kijiji cha Dhundi, jimbo la Gujarat, wakulima wachache walijaribu njia nyingine: waliunda ushirika mwaka 2016, wakaunganisha pampu zao za sola na gridi, na shirika la umeme likakubali kununua umeme wanaoubakiza. Tangu hapo mkulima anayeacha pampu imwage maji ovyo anajua anamwaga fedha zake. Nasi tuna skimu zenye vyama vya ushirika, Madibira ikiwa mojawapo, na gridi inapita karibu. Sisemi tunakili kila kitu cha Gujarat. Nasema wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pamoja na shirika la umeme, TANESCO, wangeweza kukaa na skimu moja na kupiga hesabu.

Wakati hesabu hiyo inapigwa, sheria tunayo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka anayechepusha au kuvuta maji awe na kibali, na anayekitoa kwa mito yetu ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambayo ofisi yake kuu iko hapahapa Iringa mjini. Zipo pia Jumuiya za Watumia Maji za vijito. Naomba iwe mwiko katika bonde letu kumuuzia au kumkopesha mtu pampu ya sola ya umwagiliaji bila kibali cha maji na mita. SACCOS, AMCOS na benki zikidai kibali kabla ya kutoa mkopo, kama zinavyodai hati ya shamba, kazi ya Bodi itapungua nusu. Na kinyungu cha bibi mwenye ndoo mbili kisiwekwe kwenye kapu moja na pampu yenye nguvu za farasi kumi.

Mambo ya zahanati nayataja kwa kifupi kwa sababu hayana mbishi. Friji ya chanjo inayoendeshwa na jua moja kwa moja ipo na inafanya kazi. Mkunga anayeshika tochi ya simu kwa meno huku akimzalisha mtu ni aibu ya kijiji kizima. Paneli chache na betri nzuri zinaiondoa. Mwaka 2008 daktari wa Kimarekani, Laura Stachel, alishuhudia wajawazito wakihangaika gizani kwenye hospitali moja ya kaskazini mwa Nigeria, na kutokana na hapo akasaidia kubuni sanduku la sola la chumba cha kujifungulia. Kwetu, kamati ya zahanati haihitaji kubuni chochote. Inahitaji kuweka kasma ya betri kwenye bajeti ya kila mwaka, maana paneli huishi miaka ishirini na zaidi lakini betri ya kawaida ya risasi huchoka kwa miaka mitatu, minne.

Betri. Hapa sina haraka.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 kikiwa kimebanana na nyumba za watu. Risasi ikaingia hewani, ikaingia majini, ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimwona mwanawe akiugua kwa sumu hiyo. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa na mivutano, Mahakama ya Juu ya Kenya ikaithibitisha fidia hiyo Desemba 2024. Betri zile zilitoka kwenye magari na kwingineko, kwa watu ambao hawakumjua mtoto yeyote wa Owino Uhuru.

Betri zetu chakavu zinakwenda wapi? Zile za Mwanjelwa, za Ipogolo, za Makambako? Kijana anayepita na toroli akinunua chuma chakavu huzipima kwa kilo, na baada ya hapo hatuulizi. Kuna uani mahali fulani ambako tindikali inamwagwa na risasi inayeyushwa kwenye sufuria. Naomba kila duka linalouza betri za sola Mbeya na Iringa lipokee iliyokufa na kukata kitu kwenye bei ya mpya, na halmashauri zilifanye hilo kuwa sharti la leseni. Mwenye uwezo wa kununua betri ya lithiamu aulize kama ni ile ya chuma na fosfeti: inadumu zaidi, na haina kobalti, madini ambayo kwa Waswahili wenzetu wa Kolwezi yamewapeleka hata watoto mashimoni. Umeme safi tuufuate nyuma na mbele, tulipoutoa na tutakapoutupa.

Kuhusu mikopo ya sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, nayo imesaidia wengi. Lakini mtambo unaojifunga wenyewe mtu akikosa kulipa umetengenezwa kwa mtu wa mshahara. Mkulima wa mahindi wa Ismani anapata fedha mara moja kwa mwaka, mvua ikikubali. Anapozimiwa taa Januari hajawa mkorofi, hajavuna. Tuwadai wauzaji ratiba za malipo zinazofuata mavuno, na VICOBA zetu ziwe na mfuko mdogo wa kumvusha mwanachama miezi ya njaa. Na mkataba usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla ya dole gumba.

Mtajiuliza nani atatengeneza vitu vyote hivi vikiharibika. Kisiwani Unguja, katika kijiji cha Kinyasini, Barefoot College ilifungua kituo mwaka 2015 kinachofundisha akina mama wa vijijini, wengi wao wenye elimu ndogo ya darasani na baadhi yao wakiwa bibi tayari, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola. Wazo lililoanzia Tilonia, Rajasthan, lilikuwa rahisi: kijana ukimfundisha ufundi anakwenda mjini, mama mwenye wajukuu anabaki. Nalipenda wazo hili, ingawa sikubaliani na sehemu ya vijana. Vijana wetu wa VETA wanaondoka kwa sababu kijijini hakuna anayewalipa. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024. Kikundi cha akina mama watano wakikopa wakanunua mashine ya kusaga ya sola na vifaa vya ufundi, wana kazi mwaka mzima, na mafundi wa zahanati wamepatikana. Mtu mwenye ulemavu anayeendesha kituo cha kuchaji simu na kuuza barafu mbele ya nyumba yake hahitaji kuonewa huruma na mtu.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba taa hazizuii ugomvi. Ni kweli. Goma, mashariki mwa Kongo, kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa sola wa megawati 1.3 mwaka 2020, na mitaa iliyokuwa giza ikapata taa za barabarani. Januari 2025 mji huo ukatekwa kwa bunduki, taa zikiwaka au zisiwake. Jua halipatanishi watu. Linaweza tu kupunguza idadi ya mambo wanayolazimika kugombania, na kazi ya kupatana inabaki mikononi mwao. Sisi huku, Mungu ametujalia mgogoro ambao bado unaweza kuzungumzwa chini ya mti.

Na sheria imetupa mti wa kukaa chini yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Vijiji vingi huuitisha pale tu mgeni mkubwa anapokuja. Nawaomba wenyeviti wa vijiji vya Mbarali, vya Iringa Vijijini, vya Mufindi na Mbeya Vijijini wauitishe mkutano unaofuata bila mgeni, katikati ya kiangazi, wakati kila mtu anaikumbuka kiu. Wafugaji waitwe kwa majina, hata wale ambao hawajaandikwa kwenye daftari la kijiji, na waje na wake zao, kwa kuwa ndio wanaotembea na ndoo. Masheikh na wachungaji, ninyi mnaoaminiwa na pande zote mbili, simameni mlangoni mpaka muone wote wameingia.

Waulizwe wapi kichimbwe kisima cha ng'ombe na nani atakuwa na ufunguo wa pampu. Waulizwe kitongoji gani kiko gizani na zahanati ina betri ya mwaka gani. Anayetaka pampu ya mtoni aseme mbele ya wenzake atavuta kiasi gani na kwa mwezi upi. Mtendaji aandike muhtasari kwa mkono unaosomeka, ubandikwe ubaoni, nakala moja ipelekwe halmashauri kabla bajeti haijafungwa na nyingine ipelekwe Bodi ya Bonde pale Iringa, ikiwa na sahihi ya mkulima mmoja na mfugaji mmoja waliosimama pamoja kuipeleka.